Mnyama wa Tendaguru, Kuanzia Miguuni

Mjomba wangu alikuwa barazani na kikombe chake cha uji nilipompa simu aangalie picha niliyokuwa naichora. Mjomba amebeba mizigo karibu maisha yake yote, bandarini hapa Lindi afu baadaye kwenye maghala ya korosho, mpaka leo bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu, akaweka kidole juu ya mguu wa mbele wa yule mnyama.

"Mjomba, huyu hajakanyaga."

Nikamwambia mbona miguu yote minne iko chini.

"Iko chini ndiyo. Lakini mwili wake hauko juu ya hiyo miguu."

Akanirudishia simu tukaongea mengine, mvua, bei ya korosho, harusi ya binamu. Mi kichwani nimebaki na lile neno tu, likanisumbua wiki na wiki, kwa sababu nilisikia kabisa kwamba anaongea kitu cha kweli ila sikujua kwenye picha kitu hicho kinakaa wapi. Rangi sio, rangi nilikuwa sijaweka bado. Vipimo sio, vipimo nilivifuata kwenye picha za mifupa yenyewe, urefu wa paja, urefu wa shingo, kila kitu.

Sasa ni nini?

## Skechi

Niliyekuwa namchora ni yule mjusi wetu wa Tendaguru, Giraffatitan, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, yule ambaye mifupa yake imesimama Berlin, Ujerumani. Habari ya mifupa irudishwe Tanzania au isirudishwe mnaijua wote, leo siigusi. Mi nilitaka kitu kimoja, nimwone akiwa mzima na akiwa huku kwetu, kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 tu kutoka hapa ninapoandikia, na picha nyingi ninazokutana nazo mtandaoni amewekwa kwenye msitu ambao ungeweza kuwa popote.

Kazi zangu zote naanza na vijipicha vidogo vidogo, ukubwa wa kiberiti, vingi kwenye ukurasa mmoja. Natumia Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, brashi moja ngumu, hakuna kuzumu, yaani kuvuta picha karibu. Udogo wenyewe ndo unaosaidia, yaani kwenye kijipicha cha ukubwa ule huwezi kuchora jicho wala ukucha hata ukitaka, unalazimika kuamua mambo makubwa kwanza: mwili unakaa wapi, mwanga unatoka wapi, upeo, yaani mstari ambapo anga inakutana na ardhi au bahari, unapita juu au chini.

Na hapohapo kwenye skechi ndo nilipokutana na wanyama wawili.

Mifupa ya Berlin ilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, na mnyama yule alikuwa na viwiko vya miguu ya mbele vimetanuka nje kidogo, mkia umeshuka chini. Mwaka 2007 wakamsimamisha upya, miguu ya mbele imenyooka, mkia umeinuliwa hewani. Mifupa ni ileile lakini ukiviangalia vivuli vya wale wawili ni viumbe wenye tabia tofauti kabisa, mmoja anajikokota na mwingine anatembea. Nikachora wote wawili. Nikakaa nao siku kadhaa, afu nikamchagua wa pili, kwa sababu nyayo za sauropodi, yaani dinosaria wa jamii yake hii ya shingo ndefu, zilizopatikana sehemu mbalimbali duniani kwa kawaida hazina alama ya mkia unaoburuzwa nyuma.

Watu wanaonitumia meseji kuuliza nachoraje huwa wanauliza brashi gani, leya ngapi, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine. Naelewa, na mi nilianza hivohivo. Lakini huu uamuzi wa mkia ulikuwa mzito kuliko brashi zote nilizonazo, na ulifanyika kwenye mistari michache michafu ambayo hakuna mtu ambaye angeilipia hata mia.

## Kijivu

Nikishachagua skechi naikuza kwenye karatasi ya A3 kwa dipiai 300 (nukta 300 kwa kila inchi), hiyo ni pikseli 4961 kwa 3508, laptopu yangu inaanza kupumua kwa shida ila inavumilia. Afu naingia kwenye kijivu. Hakuna rangi. Natumia toni tatu tu mwanzoni: giza, ya kati, na nyeupe iliyofifia. Cha mbali kinakuwa cheupe zaidi na cha karibu kinakuwa cheusi zaidi, maana hewa yenyewe ina unyevu na vumbi na inafuta giza kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Ukikaa ufukweni hapa jioni ukaangalia ng'ambo ya ghuba utaliona hilo bila kufundishwa.

Kila baada ya muda nabonyeza M, Krita inageuza picha kushoto kuwa kulia, na jicho linaiona kama picha ya mtu mwingine. Nilifanya hivo mara nyingi. Kila mara picha ilikuwa imekaa vizuri tu.

Hiyo ndo picha aliyoiona mjomba.

Na nilichoanza kukiona baada ya maneno yake ni kwamba nilikuwa nimemchora mnyama kuanzia juu. Kichwa, shingo, mgongo, afu miguu ikafuata kama kitu cha kumalizia. Nadhani wengi tunachora hivo, hata watu tunawachora hivo, uso kwanza. Lakini mbeba mizigo haangalii uso, anaangalia miguu kwanza, kwa sababu mguu ndo unaokwambia mzigo una kilo ngapi kabla hujaugusa.

## Maji kupwa

Nikaenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, pale ambapo mchanga unaisha na tope la kijivu linaanza. Nikajipiga picha nyayo zangu nikiwa mikono mitupu. Afu nikamwomba kijana mmoja anayebeba ndoo za samaki apite palepale, kwanza bila ndoo, afu na ndoo mbili zimejaa.

Tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiria. Bila mzigo unyayo ulikuwa na umbo la mguu, vidole unavihesabu. Na mzigo, vidole vimetanuka, kisigino kimezama, na pembeni tope limesukumwa nje likafanya ukingo ulioinuka kuzunguka unyayo mzima, na ndani maji yakaanza kujaa taratibu kutoka chini. Na kitu kingine, pale mguu unapokutana na tope hakuna mwanga kabisa, kuna mstari mwembamba mweusi kuliko kivuli chenyewe. Wachoraji tunaujua huo mstari, ni sehemu ambayo mwanga wa anga hauwezi kuingia. Mi nilikuwa nimeuweka, ila nimeuweka sawasawa kwa miguu yote minne.

Miguu minne haiwezi kuwa sawa, labda mnyama awe amesimama tuli. Anayetembea kuna mguu umebeba na kuna mguu umeshatua na kuna mguu ndo kwanza unaondoka. Mjomba alikuwa ameona hilo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nilirudi nyumbani nikazima leya zote isipokuwa ya skechi ya mwanzo kabisa, nikaanza na mguu mmoja.

## Mguu wenyewe

Hapa nilisoma sana na nilifurahi sana. Mguu wa mbele wa hawa wanyama sio mguu wa tembo, japo picha nyingi za zamani zimechora hivo. Mifupa ya kiganja ilisimama wima, imejipanga kwa duara kuunda nguzo, na mnyama alikanyaga kwa ncha za mifupa hiyo. Vidole vyenyewe karibu havipo, kilichobaki kinachoonekana ni ukucha mmoja wa kidole gumba kwa upande wa ndani. Ndo maana unyayo wa mbele wa sauropodi mara nyingi una umbo la mwezi mchanga. Mguu wa nyuma ndo mpana, una kucha na una mto wa nyama nyuma wa kubeba uzito.

Kwa hiyo kwenye tope lile lazima nyayo ziwe za aina mbili, mwezi mchanga mbele na pana nyuma. Na wa mbele, kwa sababu ni mdogo na umebeba kifua kile chote, unazama.

Uzito wenyewe wataalamu wameupigia hesabu kwa njia tofauti na majibu yametofautiana mno, kuna hesabu ya mwaka 1962 iliyofika tani 78 na kuna ya mwaka 2009 iliyotoa tani 23 na kidogo. Kwa mchoraji hizo namba mbili ni vina viwili tofauti vya tope! Nikachagua kama tani 30, nikazamisha mguu wa mbele wa kulia mpaka juu ya ukucha, nikasukuma tope pembeni, nikaacha bega la upande huo lipande juu kidogo na la upande wa pili lishuke.

Nilipotoka nje ya zumu nikamwona anatembea.

Sijui nieleze vipi furaha ya dakika ile. Kichwa kilikuwa bado duara tupu, mgongo mstari mmoja, lakini alikuwa anatembea.

## Upeo unapita wapi

Swali lililofuata ni ukubwa. Kwenye picha huna mita, na mtu huwezi kumweka pembeni maana watu hawakuwepo. Mifupa ya Berlin ina kimo cha mita 13.27. Nikamweka Kentrosaurus kwa mbali, naye ametoka Tendaguru hukohuko, mwenye miiba mgongoni, urefu wake kama mita 4 na nusu kutoka pua mpaka mkia. Inasaidia, lakini asiyemjua Kentrosaurus atadhani ni kenge.

Kilichofanya kazi ni upeo. Kanuni yake ni rahisi: kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo unapita kwenye kimo cha macho ya anayeangalia. Kama mtazamaji amesimama na macho yake yako mita 1.6 kutoka chini, basi upeo utamkata kila kitu kwenye mita 1.6, kiwe karibu au mbali. Gawanya 13.27 kwa 1.6, unapata nane na kitu. Kwa hiyo upeo lazima umpite mnyama kwenye sehemu ya nane ya kimo chake kuanzia chini, yaani bado uko miguuni, na tumbo na kifua na shingo vyote viko juu ya bahari, angani.

Mwanzo nilikuwa nimeuweka upeo katikati ya mwili kwa sababu ilikuwa inapendeza. Ukiuweka pale unamwangalia kutoka juu ya mnazi. Nikaushusha, na hapohapo mtu anayeangalia akawa amesimama kwenye tope pamoja naye.

## Bila mnazi

Hii iliniuma kidogo. Nilitaka watu wa kusini waione picha na kujua ni kwetu, na mkono ulikuwa unaenda wenyewe kwenye minazi, mikorosho, mbuyu mmoja upande wa kushoto. Hakuna hata mmoja uliokuwepo. Miaka kama milioni 150 iliyopita huku hapakuwa na mti wenye maua, na nyasi hizi za kawaida zinazoota kila mahali hazikuwepo. Mkorosho wenyewe umeletwa na Wareno kutoka Brazil juzijuzi tu. Kilichokuwepo ni miti ya jamii ya misonobari, mimea iliyofanana na michikichi mifupi isiyo michikichi, na mimea ya chini ya kivulini kama kangaga, vyote hivyo nyuma ya pwani yenye vidimbwi vya maji ya chumvi na tope la kupwa na kujaa.

Lile tope ndo lililoniokoa. Pwani ya wakati ule na pwani hii zimekutana kwenye tope, na nikaamua kwamba Lindi kwenye hii picha itakuwa tope na mwanga. Ila hata mwanga una habari yake, maana bara lilikuwa kusini zaidi ya lilipo leo. Sisi katikati ya Oktoba jua linapita utosini, mchana kivuli chako kinakuwa chini ya nyayo zako. Yule mnyama jua lake lilikuwa linalala zaidi. Kwa hiyo vivuli virefu, na jioni, jua linaingia kutoka pembeni na kugonga miguu.

## Rangi juu ya kijivu

Rangi naweka kwenye leya mpya juu ya kijivu, mode ya kala (inayobadilisha rangi tu), kwa hiyo giza na mwanga vinabaki kama vilivyo na rangi inapita juu yake. Ukiishia hapo picha inakuwa imekauka, ina chokaa. Lazima baadaye uchanganye leya na uanze kupaka moja kwa moja, na mimi huku ndo nakotumia muda mwingi kuliko kote, usiku usiku, umeme ukiwa mzuri.

Rangi ya ngozi yake haijulikani, mifupa haitunzi hilo. Nikampa hudhurungi yenye kijivu, tumbo hafifu kuliko mgongo kama wanyama wengi walivyo. Magamba nimeweka madogo yasiyopandana, kwa sababu alama za ngozi za sauropodi zilizobaki kwenye mawe sehemu nyingine ziko hivo. Mwanga wa jioni ni wa moto, basi vivuli vinavuta ubaridi wa anga, bluu iliyochujwa. Na tope lenye maji linarudisha mwanga juu, kwa hiyo chini ya tumbo pakapata mng'ao wa chungwa hafifu. Huo mng'ao nilioupaka kwa dakika chache umefanya kazi kubwa kuliko magamba yote, kwa sababu unamfunga mnyama na ardhi aliyosimama.

Wenzangu niliowaonyesha wakaniambia sasa malizia kichwa, weka meno, weka jicho linalong'aa, watu wanapenda jicho.

## Kichwa nimekiacha

Nilibishana na nafsi yangu hapa kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Kwenye picha ya kidijitali hakuna kinachokuzuia. Unaweza kuzumu mpaka pikseli moja na kumalizia kila gamba kwenye kila sentimita, na ukifanya hivo kila kitu kinapiga kelele kwa sauti moja na mtazamaji hajui aangalie wapi. Umaliziaji ni kugawa. Unampa huyu mwingi, yule unamnyima.

Nikaamua miguu ipewe vyote. Tope limemalizika, ukingo wa unyayo una punje, maji ndani ya unyayo yana anga. Kadiri unavyopanda juu brashi inakuwa pana zaidi, kingo zinalegea, shingo inaingia kwenye ukungu wa jioni, na kichwa kule mita 13 kimebaki mipigo michache ya brashi, karibu sawa na ilivyokuwa kwenye skechi. Pua nimeziweka mbele karibu na mdomo, kama utafiti wa mwaka 2001 ulivyopendekeza, sio juu ya paji kama wachoraji wa zamani walivyofanya, lakini ni pigo moja tu la giza.

Naamini ndivyo mtu mwenye kimo chetu angemwona.

## Waliomjua kwa shingo

Kuna watu waliowahi kuujua uzito wa huyu mnyama kuliko mchoraji yeyote. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipokuwa wakichimba, zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilitoka Tendaguru kuja bandari ya Lindi, safari ya siku kama nne, kwa miguu, kichwani na mabegani mwa watu. Vita ya Majimaji ilikuwa imeisha mwaka 1907, miaka miwili tu kabla. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera, watu wa huku kwetu Lindi.

Nilimpelekea mjomba picha ya zamani ya msafara ule, sio ya kwangu. Akakaa nayo sana. Akanionyesha mzigo uliofungwa kwenye mti unaobebwa na watu wawili, akaniambia kwenye mteremko, wa mbele ndo anayeumia, mzigo wote unamhamia yeye, na akiteleza wa nyuma hawezi kumsaidia kitu.

Ndo picha ninayoianza sasa. Vijipicha vya kwanza vimeshatoka. Nimeuweka upeo kwenye macho ya mchukuzi wa mbele, na kwa hesabu ileile ya upeo mzigo wa kichwani wote unakaa juu ya mstari, peke yake angani, naona unafaa. Sijaamua kama wanapanda au wanashuka. Tendaguru mpaka Lindi kwa ujumla ni kushuka kwenda baharini, lakini njiani kuna mabonde, na mguu wa mtu anayeshuka na mzigo unakanyaga tofauti kabisa na wa anayepanda. Jumapili mjomba amesema nije na mti wa kubebea na mtu mmoja wa kushika nyuma, atanionyesha yeye mwenyewe.